Kidole cha Wifi

Wifi yangu, mke wa kaka yangu wa pekee, ni fundi kufuli. Meza yake iko chini ya ngazi za jengo la ghorofa tatu, mahali ambapo mtu mrefu hawezi kusimama wima. Yeye ni mrefu, kama walivyo watu wote wa jamii ya fisimaji, kwa hiyo amefanya kazi miaka ishirini na miwili akiwa ameinamisha shingo. Mezani ana jiliwa moja la kubania funguo, tupa sita zilizopangwa kwa ukubwa, kopo la siagi lililojaa springi, na waya nne za chuma alizozinoa mwenyewe. Ukutani ametundika funguo ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Mteja akiuliza ni za nini, humjibu, "Hizo ni za waume waliofukuzwa. Unatafuta wako?"

Sisi kwetu ni pimbi, watu wafupi wa kupenda jua. Kaka alipoleta mchumba wa fisimaji, mama yetu alinung'unika wiki nzima kwamba nyumba itanuka samaki. Maneno yakamfikia mhusika. Siku ya kwanza aliyoingia kwetu kama mkwe, akamwamkia mama kwa adabu, akakaa, kisha akasema, "Mama, nimeoga mara tatu. Lakini nimeona hapa kwenu watu wanaanikwa juani kutwa kama nguo, basi hata harufu ikibaki, itakauka." Kaka alitazama chini. Mama alicheka mpaka akashika mbavu, na tangu hapo wakawa wanataniana kila walipokutana. Mimi pia alinitania. Aliniita Wifi Kalamu.

Asiyeishi na watu wa jamii nyingine huenda akadhani kugeuka mnyama ni kulekule kwa kila mtu. Si hivyo. Sisi pimbi hugeuka kwa jua. Ukikaa juu ya jiwe la moto, mikono inafupika, macho yanakuwa mazito, na baada ya saa moja unarudi mwenyewe ukiwa na kiu. Kenge hugeuka wakati wa kuambua ngozi, na makovu yao yote huyaacha kwenye ganda la zamani. Mbega hawageuki kabisa, na hawakosi kukuambia. Fisimaji ndio wenye kazi ngumu kuliko wote. Kila mwaka, mto ukijaa, lazima washuke majini wakae siku ishirini na moja katika mwili wao wa kwanza, wa miguu minne na mkia. Asiyeshuka, ngozi ya nyuma ya magoti hupasuka na kikohozi humkalia kifuani.

Siku moja au mbili, mwili hukumbuka wenyewe ulivyokuwa. Ishirini na moja ni nyingi. Fisimaji anayepanda kutoka mtoni baada ya muda huo ana nyama laini kama unga uliokandwa; inataka kusimama, haijui isimame vipi. Hapo ndipo tunapoingia sisi wasomaji.

Chumba chetu cha kurudia ni jengo refu la matofali kando ya mto. Ngazi za mawe zinatoka majini mpaka ndani. Kuna mabenchi ya mbao yaliyotandikwa mashuka, majiko manne ya mkaa, mfereji katikati ya sakafu, na ukuta mzima wa madaftari. Kabla mtu hajashuka, msomaji wake humkalisha, humpima kwa futi ya kamba, humshika kila mahali penye alama, na kuandika ukurasa mpya: nywele, meno, makovu, kiungo kinachouma, sauti inavyokwaruza. Anapopanda, msomaji yuleyule humwekea mkono kwenye paji la uso na kusoma kwa sauti, toka utosini hadi visigino. Nyama husikiliza. Ukisema goti la kushoto limevimba kidogo, unaliona linavimba.

Kisichosomwa, nyama hujijazia yenyewe kwa umbo la kawaida la jamii yake. Ukiruka kovu, ngozi inakuja laini. Ukiruka pengo, jino linaota. Utadhani ni jambo jema. Mkuu wetu, mama mmoja wa jamii ya kenge, aliniambia siku yangu ya kwanza: "Mwili wa mtu si shamba lako upalilie. Soma kilichoandikwa." Akanisimulia habari za mpiga filimbi aliyerudishiwa jino lake la mbele na msomaji mwenye huruma. Yule bwana hakuweza tena kupiga filimbi, maana pumzi yake yote ilizoea kupitia lile pengo.

Kwa hiyo sikuwa mjinga. Nilijua.

Ukurasa wa wifi ulikuwa na mistari thelathini na minane. Wa kumi na moja ulisema hivi: "Mkono wa kulia, kidole cha shahada kimepinda kwenye pingili ya juu kuelekea kidole gumba. Kilibanwa na mlango akiwa na miaka tisa." Niliuandika kwa mkono wangu miaka kumi na tatu mfululizo, bila kubadilisha neno.

Kile kidole kilikuwa na sura mbaya, lazima niseme. Kilikuwa kama ndoana. Mama alikiita hivyohivyo: "Mkwe, hebu nipitishie chumvi kwa hiyo ndoana yako." Wifi alimjibu kila mara, na jibu halikuwa lilelile mara mbili. Lakini mimi ni mtu wa kutazama. Niliona kwamba kwenye sherehe aliufunika ule mkono kwa mtandio. Niliona picha ya harusi yao, kaka ameushika mkono wa kulia na kidole kimefichwa ndani ya kiganja chake. Nikajikusanyia ushahidi kimyakimya, kama ninavyokusanya kila kitu, nikatoa hukumu bila kumuuliza mwenye mwili.

Mwaka juzi, alipopanda kutoka mtoni, nilimwekea mkono kwenye paji la uso nikasoma. Nilipomaliza mstari wa kumi, nikavuta pumzi, nikaenda wa kumi na mbili. Ilikuwa rahisi hivyo. Katika miaka kumi na tisa ya kazi, huo ndio mstari pekee niliowahi kuuruka, na sikuuruka kwa kupitiwa. Nilitazama kidole kikitoka kwenye ule unga, chembamba, kimenyooka, na utando wake mdogo wa kifisimaji pembeni kama wa msichana. Nilifurahi. Hilo nalo niliandike: nilijiona mtu mwema sana.

Wifi alikaa kitako, akajifunga shuka, akaunyanyua mkono karibu na jiko.

"Wifi! Hiki ni nini?"

"Nini?"

"Kidole kimenyooka!"

"Mto una mambo yake," nikasema. "Wakati mwingine hutokea."

"Mto huu huu ulioniacha na meno haya?" Alicheka, akakigeuza huku na huku. "Basi nenda kamwambie mama atafute ndoana nyingine."

Alicheza nacho njia nzima ya kurudi nyumbani, akiwanyooshea watu ambao hakuwa na sababu ya kuwanyooshea. Kaka alikibusu mbele yetu, jambo ambalo pimbi hawalifanyi. Mimi nilikula vizuri siku ile na kulala vizuri.

Baada ya siku tisa, jirani yetu, mwalimu mstaafu, alijifungia nje akiwa ameacha sufuria ya maharage motoni. Ilikuwa mchana, watu wengi wapo uani. Wifi akaitwa. Alikuja na mkoba wake, akapiga magoti, akaingiza waya kwenye kitasa. Nilikuwa nimemwona akifungua kitasa cha aina ile huku akisimulia habari, bila kutazama. Sasa waya uliteleza. Akauweka tena, ukateleza. Hapo ndipo nilipotazama kazi yake kwa mara ya kwanza, mimi ninayejidai kutazama. Miaka yote alikuwa akiupitisha waya juu ya kile kipindo cha kidole, ukakaa pale kama kamba kwenye kigingi, na mfupa ukawa unamwambia pini za ndani zinavyopanda na kushuka. Sasa hapakuwa na kipindo. Kidole kilichonyooka kilikuwa kizuri, na hakikushika kitu.

Moshi ulianza kutoka chini ya mlango.

"Fundi, vipi?" mwalimu akauliza.

"Subiri kidogo, mwalimu."

"Maharage hayasubiri, mama."

Seremala wa uani akaja na mtaimbo, akauvunja mlango kwa mapigo mawili. Mtu mmoja nyuma akasema, "Leo kitasa kimemfunga fundi!" Watu wakacheka, si kwa ubaya. Wifi alikusanya waya zake moja moja, akazifuta kwa kitambaa ingawa hazikuwa chafu.

Alidhani ni uzee. Alidhani ni mishipa. Kaka alimnunulia dawa ya mishipa, ya maji, nyeusi, chungu kiasi kwamba alikuwa akiinywa amefumba macho. Jioni nilipopita kwao, mimi ndiye niliyemshikia kikombe. "Kunywa, wifi," nilikuwa nikimwambia. "Itasaidia." Alivunja springi za watu. Alichonga funguo zilizoingia lakini hazikuzunguka. Wateja waliomwamini waliendelea kuja kwa heshima, kisha wakawa wanapita upande wa pili wa barabara.

Nyama haisahau mara moja. Kitu kilichorukwa kinaweza kusomwa tena katika marudio mawili yanayofuata. Hayo yakipita, basi, kimekwenda. Lakini kuna masharti. Lazima asome msomaji yuleyule aliyekiruka. Na mwenye mwili lazima akiombe kwa mdomo wake mwenyewe kabla hajaingia majini. Mtu hawezi kuomba asichojua kwamba kilichukuliwa. Maana yake ni kwamba dawa ya kidole cha wifi ilikuwa moja tu: mimi kusema.

Mwaka jana, msimu wa kushuka ulipofika, nilimkalisha kwenye benchi nikamwandika. Nilipofika mstari wa kumi na moja, nilikishika kidole. Aliniangalia.

"Wifi, wewe umeuandika mwili wangu miaka yote," akasema. "Niambie kweli. Kuna kilichobadilika?"

Kulikuwa na watu wawili tu chumbani, mimi na yeye. Mkuu alikuwa nje akihesabu mashuka. Hata mlango ulikuwa umefungwa.

"Umri tu," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa habari aliyokuwa akiitarajia. Nikaandika: "Kidole cha shahada, kimenyooka." Mwandiko wangu ulikuwa safi kama siku zote. Baada ya siku ishirini na moja nilimsoma vizuri, mistari yote, bila kuruka hata mmoja. Rudio la kwanza likapita.

Kwa nini sikusema? Nimejiuliza mara nyingi, na nimejipa sababu nyingi, na nyingi ni za uongo. Nilisema namlinda kaka. Nilisema naogopa kufukuzwa kazi. Ukweli ni kwamba niliogopa kumwona akinitazama nikiwa si mtu mwema.

Mwaka huu, wiki moja kabla ya msimu, nilipita chini ya ngazi nikamkuta seremala anafungua boliti za jiliwa.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Nalihamishia kwangu, fundi amenipa," akasema.

Wifi alikuwa amekaa kwenye kigoda anapanga tupa ndani ya sanduku. "Nimepumzika, Wifi Kalamu," akasema. "Nitakaa nyumbani nimtanie mama yako mpaka mmoja wetu afe. Hivi seremala, hilo jiliwa ulitunze, ni kubwa kuliko akili yako."

Seremala akacheka. Mimi nikamwambia, "Seremala, tupishe kidogo." Akaliacha jiliwa likining'inia kwa boliti moja, akaenda kuvuta sigara.

Nikasimama pale nimeinamisha shingo, ingawa mimi ni mfupi na sikuwa na haja.

"Si uzee," nikasema. "Wala si mishipa. Kidole nilikiruka mimi."

"Ulikirukaje?"

"Nikisoma. Mwaka juzi. Niliruka mstari."

"Ulipitiwa?"

Hapo nilipewa mlango wa kutokea, na ulikuwa wazi kabisa. "Hapana," nikasema. "Nilikusudia."

Alichukua tupa ndogo kuliko zote, akaitazama, akairudisha mahali pake kwenye sanduku.

"Mama ndiye aliyekutuma?"

"Hapana."

"Mume wangu?"

"Hajui. Hakuna aliyenituma. Nilikuona unakifunika kwenye sherehe, nikadhani..."

"Nakifunika kwa sababu kinapata baridi!" Sauti yake ilipanda ghorofa zote tatu za jengo. "Kina mfupa uliovunjika, wewe, kinauma kwa baridi! Si ungeniuliza? Kuuliza kunauma?" Kisha nikaona kitu kingine kinamjia. "Dawa. Karibu miaka miwili nakunywa ule uchafu. Na wewe unanishikia kikombe."

"Ndiyo."

"Unaniambia, kunywa, wifi."

"Ndiyo."

"Na mwaka jana nikakuuliza."

"Uliniuliza, nikakudanganya."

Alicheka mara moja, kicheko kifupi kisicho na furaha ndani. Nikamweleza lile sharti: kwamba hili ndilo rudio la mwisho, kwamba lazima aombe mwenyewe, na kwamba hakuna mwingine anayeweza kumsomea ila mimi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Yaani aliyeniibia ndiye nimtegemee anirudishie."

"Ndivyo ilivyo."

"Nenda kamwambie kaka yako," akasema. "Leo. Mimi sitakusaidia." Kisha akamwita seremala kwa sauti ya kawaida: "Wewe! Rudisha boliti hizo!"

Nilimwambia kaka. Hakunigombeza. Aliondoka akaenda kuimwaga ile dawa kwenye mtaro, chupa zote mbili, na hakurudi ndani mpaka nilipokuwa nimeondoka. Kisha nilimwambia mkuu, naye aliandika yote kwenye kitabu cha kazi mbele yangu, akanipa nisome na kutia sahihi. "Utamsoma huyu, kwa sababu hakuna mwingine," akasema. "Baada ya hapo utapanga madaftari."

Siku ya kushuka, wifi alisimama kwenye ngazi ya juu, na mbele ya watu wote waliokuwa wakingoja zamu akasema kwa sauti, "Nakiomba kidole changu, kilivyokuwa." Mbega mmoja aliyemleta rafiki yake akauliza, "Kimefanya nini?" Wifi akashuka.

Siku ishirini na moja baadaye alipanda. Mkuu alikaa kando yangu, kidole chake kikifuata mstari kwa mstari. Nilifika wa kumi na moja nikausoma ulivyoandikwa tangu zamani: kimepinda, pingili ya juu, kuelekea kidole gumba, mlango, miaka tisa. Nyama ilisita. Nilikiona kidole kikitetemeka kama kinachotafuta njia ya nyumbani gizani. Nikausoma tena, maana inaruhusiwa mara mbili. Kikaanza kupinda. Kikafika nusu, kikasimama pale, na mkuu akanigusa bega niendelee.

Nusu si haba. Waya unakaa, ila hautulii kama zamani. Kufuli za sanduku na za baiskeli anazifungua. Vitasa vya milango ya nyumba anafungua vingine, vingine vinamshinda, na hapo humwambia mteja ukweli na kumwelekeza kwa fundi wa mtaa wa pili. Jiliwa liko mahali pake. Wateja wamerudi, si wote. Maumivu ya baridi nayo yamerudi, na hayo yalirudi yote.

Wiki iliyopita kitasa cha nyumba yetu kilikwama, mama akiwa ndani. "Mwiteni mkwe wangu!" akapiga kelele dirishani. Wifi akaja. Alipiga magoti, akahangaika nusu saa, jasho likimtoka kwenye sharubu zake za kifisimaji, nami nimesimama nyuma yake sithubutu hata kumshikia mkoba. Mwishowe kitasa kikafunguka. Mama akatoka, akamshukuru, akasema, "Nilidhani ndoana imepata kutu."

"Bado inavua, mama," wifi akasema, akatabasamu, akaanza kufuta waya zake.

Alipomaliza alinigeukia. "Hujambo, wifi," akasema.

"Sijambo, wifi. Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

Hivyo ndivyo anavyonisalimia siku hizi, vizuri, kama anavyowasalimia wateja. Mama alimkaribisha chai, akasema ana kazi inamngoja. Tulimtazama akienda mpaka akakata kona.

"Mbona hakukutania?" mama akauliza. Mama alidhani kidole kilinyooka na kupinda kwa mambo ya mto tu. Kaka hakumwambia ukweli, wala mimi. "Mmegombana?"

"Hapana," nikasema.

Mama aliendelea kunitazama. Jua lilikuwa kali, na jiwe letu la mbele ya nyumba lilikuwa limeshapata moto wa kutosha. Ningeweza kwenda kulikalia, nikapoteza saa nzima bila mikono wala maneno.

"Si kweli, mama," nikasema. "Nilimkosea. Kaa, nikuambie."

Akavuta kigoda, akakaa.